Kiti cha Mlangoni

Blanketi alikuwa na kazi, na mwenye Blanketi alikuwa na Blanketi. Vingine vyote alivyokuwa navyo mama yule, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, vyumba viwili na mlango wa kijani, vilikuwa vitu tu, na vitu havimwulizi mtu ameamkaje.

Kila Jumatano asubuhi alimchana Blanketi, mbwa wake, manyoya, akamvika kizibao cha bluu alichokishona mwenyewe, kisha wakashika njia ya shule, taratibu, wakifuata upande wenye kivuli. Mlinzi wa geti aliwaona tangu mbali.

"Mfanyakazi mwenzangu huyo!" Alikuwa akimsalimu mbwa kwanza, mtu baadaye. "Leo umechelewa. Nikushtaki kwa mkuu wa shule?"

"Anasema kitana ndicho kilichomchelewesha," mama akajibu.

"Mwambie mbwa wote ninaowajua wanalinda. Yeye kaajiriwa kulala. Mimi nikisinzia hapa dakika moja tu, nafukuzwa!"

"Anasema na wewe ujifunze kusinzia kwa adabu."

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamponyoka, na mama akapita getini akitabasamu. Utani huo ulikuwa chakula chake cha wiki nzima.

Hivyo ndivyo alivyozungumza na watu. Yeye mwenyewe, bila mbwa, alikuwa mtu wa haya. Maneno yalimfia kooni tangu utotoni. Akiulizwa jambo, jibu lilimjia watu wakishaondoka. Mumewe alikwenda kutafuta maisha mbali, akayapata pamoja na mke mwingine, na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Dada yake alipiga simu sikukuu hata sikukuu. Wateja walisimama mlangoni, wakapokea nguo zao zilizofupishwa au kubanwa, wakasema asante fundi, wakaenda zao. Lakini tangu jirani mmoja alipohama na kuacha mbwa wake amefungwa kwenye mti, mama yule alipata ulimi. "Blanketi anasema karibuni." "Blanketi anauliza mtoto amepona?" Watu walimjibu Blanketi, na yeye akayasikiliza majibu.

Kazi ya shule ilitokea hivi. Mwaka mmoja, wakati wa mitihani, wanafunzi walianza kuzimia. Leo mmoja, kesho watatu. Wengine walilia chooni, wengine wakagoma kula. Mwalimu wa ushauri, binti mdogo aliyekuwa bado na uso wa mwanafunzi, alihangaika nao mpaka akakonda, na sketi zake zikaanza kumvuka. Akazipeleka kwa fundi zibanwe. Huko akamkuta mbwa mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa amelala juu ya vipande vya vitambaa, na mtoto wa mteja anamvuta sikio kama anayekamua nguo. Mbwa hakufumbua hata jicho.

"Mama, mbwa huyu hana hasira?"

"Anasema zilimwishia zamani."

Mwalimu aliwahi kusikia juu ya shule ambazo mbwa mpole huletwa akae na wanafunzi waliolemewa. Akaleta daktari wa mifugo. Daktari yule aliangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya Blanketi, akamkumbatia ghafla, akamshika mkia, akapita na fimbo na mwavuli. Blanketi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa. Akafaulu.

Baadhi ya wazazi walikuja juu. "Tumeleta watoto wasome, mnawapeleka kwa mbwa?" Mkuu wa shule akaamua kwamba anayeogopa, au ambaye kwao mbwa haguswi, asilazimishwe. Waliobaki walitosha kujaza Jumatano nzima.

Walipewa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo. Kilifagiwa, kikatandikwa mkeka, lakini harufu ya mipira haikutoka. Mwanafunzi aliingia peke yake, akavua viatu, akakaa karibu na mbwa. Akitaka kusema, mwalimu yupo. Asipotaka, basi. Wengi waliweka tu kiganja kwenye ubavu wa Blanketi, wakakiacha kiinuke na kushuka kwa pumzi zake mpaka zao zikatulia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini wahenga hawakumjua Blanketi. Alilamba mikono mitupu kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Daktari aliwaachia sharti moja. "Mbwa hana mdomo wa kusema nimechoka," alisema. "Atapiga miayo, atajilamba pua, mwishowe atautazama mlango. Akiutazama mlango, siku hiyo kazi imekwisha. Akiutazama kila mara, kazi yake imekwisha kabisa. Mama, wewe ndiwe unayemjua. Macho yako ndiyo yatakayomsemea."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kiti chake wakati huo kilikuwa dirishani.

Siku zilikwenda, zikageuka miaka. Pua ya Blanketi ilizungukwa na mvi. Njiani alianza kusimama katikati ya safari, si kwa kuwa ameona kitu. Mama naye alisimama, akajitia kufunga kamba ya kiatu, kumbe viatu vyake havikuwa na kamba.

Na chumbani, Jumatano moja ya joto kali, Blanketi aliinua kichwa kutoka kwenye magoti ya mwanafunzi, akautazama mlango.

Mama aliona. Alikaa kidogo, kisha akainuka na kusogeza kiti chake mpaka pembeni ya mlango.

"Hapa kuna upepo," alisema.

Baada ya muda Blanketi akatazama tena kule kule, na mwalimu wa ushauri akacheka kwa upole. "Ona anavyokupenda, mama! Hakuondolei macho."

"Ananitafuta," mama akasema. Alilisema neno hilo yeye mwenyewe, bila kumsingizia mbwa, na lilitoka kwa urahisi uliomtisha.

Jumatano iliyofuata hakukuwa na joto. Kiti alikiweka mlangoni tangu asubuhi.

Mtu asimhukumu upesi. Aliijua Alhamisi ilivyo. Alhamisi ni sauti ya cherehani, na ikinyamaza cherehani, ni sauti ya mbwa akikoroma. Shuleni wanafunzi walimwita Mama Blanketi, wakampungia mkono uwanjani. Mpishi alimwekea kikombe cha chai pembeni bila kuulizwa. Mlinzi alimtania. Nani angempungia mkono fundi wa kupinda sketi, anayepita bila mbwa? Angepita getini kwa sababu gani? Kwa hiyo alijitia hamnazo. Nyumbani alimkanda Blanketi miguu, akamtandikia magunia mawili badala ya moja, akamwambia, "Muhula huu tu, baba. Huu tu." Muhula huo ukaisha, akayasema hayo hayo katika muhula mwingine.

Ndipo alipokuja binti mmoja, mwanafunzi.

Wenzake walimwita Kimya. Alikuwa amemzika mama yake wakati wa likizo, na aliporudi shuleni alirudi bila sauti. Nyumbani kwa bibi yake, ilisemekana, aliomba chumvi au maji, basi. Shuleni hata hilo hapana. Walimu waliita jina lake, akainua mkono. Wenzake walimchokoza mwanzoni: "Kimya, umemeza ufunguo?" Baadaye wakachoka, na huko kuchokwa kulikuwa kubaya kuliko kuchokozwa, maana sasa walipita mbele yake kama wanapita mbele ya dawati.

Kila Jumatano aliingia, akavua viatu na kuvipanga sawasawa, akakaa. Hakumkumbatia Blanketi kama wengine. Alikaa ubavuni mwake, bega kwa bega, wote wawili wakitazama upande mmoja. Mwalimu hakumsukuma. "Siku yake itafika," alimwambia mama kwa sauti ya chini. "Akisema neno moja tu humu ndani, mimi nitatambika kwa furaha."

Mama alimpenda binti yule, akamwogopa pia. Wengine walimtazama mbwa. Huyu alitazama alikotazama mbwa.

Mwisho wa muhula, daktari wa mifugo alikuja kumkagua Blanketi, kama alivyofanya kila mwisho wa muhula. Safari hii alikuja Jumatano yenyewe, amkute kazini. Alimkagua meno, masikio, akamkunja miguu ya nyuma na kuikunjua. Akaguna.

"Umri umemfikia."

"Bado ana nguvu, daktari," mama akasema. "Anatembea mwenyewe mpaka hapa."

"Mwili unaweza kutembea na moyo umekaa chini. Acha nimwone na mwanafunzi."

Zamu ilikuwa ya Kimya. Akaingia, akawakuta watu wazima watatu: mwalimu, daktari kwenye benchi, mama kwenye kiti chake pembeni ya mlango. Akasita. Akavua viatu, akavipanga, akakaa pahala pake. Blanketi akampa ubavu. Chumba kikatulia.

Kisha Blanketi akapiga miayo. Akajilamba pua. Akainua kichwa polepole, akatazama mlangoni.

"Anatazama nini?" daktari akauliza.

"Ananitazama mimi," mama akasema. "Ndiyo kawaida yake."

"Kweli, daktari," mwalimu akaitikia kwa moyo mweupe. "Hawa ni chanda na pete. Tangu nimjue, mama akiwa pale, macho yake yako pale."

Daktari akaitikia kwa kichwa, karibu kuridhika. Mama alishusha pumzi. Muhula mwingine ulikuwa umeshaingia mfukoni mwake.

"Hamtazami yeye."

Hakuna aliyejua sauti imetoka wapi. Ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango wa nyumba iliyohamwa. Kimya alikuwa bado anatazama mbele, mkono wake shingoni mwa mbwa.

"Anautazama mlango," akasema. "Amechoka. Kila wiki anataka kwenda nyumbani. Na mimi pia huwa nautazama. Ndiyo maana najua."

Mwalimu alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka papo hapo. Daktari hakuwa na habari za ufunguo uliomezwa. Kwake yule alikuwa mtoto tu aliyesema jambo. Akamgeukia mwenye mbwa.

"Mama, ni kweli?"

Hapo ndipo binti alipogeuza uso na kumtazama. Alikuwa amesema maneno yake ya kwanza tangu arudi shuleni, na sasa alingoja kuona yatafanywa nini.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa mama. Huyu ni mtoto, daktari. Ana msiba. Hajui mambo ya mbwa. Nani asingemwamini mtu mzima, mwenye mbwa wake? Geti lingebaki wazi, chai ingewekwa pembeni, mlinzi angetania. Na binti yule angejua kwamba siku aliyofungua mdomo aliambiwa ni mwongo, naye asingeufungua tena.

Mama alimtazama Blanketi, kana kwamba angemsaidia kusema. Blanketi alikuwa anatazama mlango.

"Ni kweli," mama akasema. "Kiti nilikisogeza mimi. Zamani kilikuwa dirishani."

Daktari hakumkemea. Aliinuka, akamwekea mkono begani. "Basi, mama. Amewafaa watoto wengi. Mvue kizibao, akapumzike."

Vifungo vilikuwa vinne, na vilikataa vidole vyake. Nyuma yake mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele ya binti, anacheka na kulia, anamwuliza hiki na kile ili asikie sauti ile tena. Nje, mwanafunzi aliyekuwa akingoja zamu alikuwa amesikia kila kitu kupitia mlango, na habari ilikimbia uwanjani upesi kuliko miguu. "Kimya kasema! Kimya kasema!" Madarasa yakamwagika. Mkuu wa shule akaja mbio. Mpishi akaja na mwiko mkononi. Ilikuwa sherehe, na mama aliona kwamba ilikuwa haki yao kusherehekea. Akakunja kizibao, akapenya katikati ya watu na mbwa wake.

"Asante, mama! Karibu wakati wowote!" mwalimu akamwita kutoka ndani. Alisema kutoka moyoni. Lakini mama aliijua karibu ya namna hiyo; haina siku wala saa, na mtu wa haya hajui aiitikie lini.

Getini hapakuwa na mtu. Mlinzi naye alikuwa amekwenda kuona. Mama alilifungua geti mwenyewe, akalirudishia nyuma yake.

Likizo ilipita, shule ikafunguliwa. Jumatano ya kwanza alijikuta ameshika kitana. Blanketi alikuwa amelala, na mama hakuona sababu ya kumwamsha. Alikiosha kile kizibao, akakipiga pasi, akakitundika msumarini, halafu akakaa kwenye cherehani na hakuikanyaga.

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa dogo. Wateja walipokuja, mbwa alikuwa usingizini, na kumsemea mbwa aliyelala ni uchizi. Kwa hiyo walipokea nguo zao, wakasema asante fundi, naye akasema haya. Neno moja. Baada ya hapo kimya, na cherehani. Nyakati nyingine aliukuta mkono wake unaning'inia pembeni ya kiti, kiganja wazi, unangoja. Blanketi zamani alikuwa akiinuka na kuulamba. Siku hizi aliufungulia jicho moja, akapiga mkia sakafuni mara moja kama kusema nimekuona, akalifunga.

Mama aliufungua mlango wa kijani, jua likaingia, na Blanketi akajikokota mpaka kizingitini akalala pale. Hakutaka kwenda mahali. Alikuwa ameshafika nyumbani. Aliyekuwa akitazama nje alikuwa mama.

Alasiri moja, si Jumatano, kivuli kilisimama kizingitini. Alikuwa yule binti, amebeba mfuko wa plastiki. Macho yake yalimtazama Blanketi, yakahama, yakamrudia.

"Shikamoo."

"Marahaba." Mama alitafuta neno la pili. Alimtazama mbwa. Mbwa alikuwa anakoroma.

"Mlinzi ndiye aliyenielekeza," binti akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupata mafuta. "Anasema geti limepooza. Anasema mfanyakazi mwenzake katoroka bila kuaga."

Mama alicheka kidogo, kisha wote wawili wakaishiwa. Watu wawili wa haya wakibaki na mlango wazi na mbwa aliyelala, saa inakuwa ndefu. Binti alitoa sketi ya shule kwenye mfuko, akainyoosha mbele bila kusogea.

"Upindo umefumuka."

Mama akaipokea, akaigeuza. Upindo kweli ulikuwa umefumuka, mzunguko mzima. Lakini uzi ukikatika kwa kuchakaa hubaki na nyuzinyuzi, na huu ulikuwa na ncha safi, umekatwa kwa wembe, tundu baada ya tundu, kwa subira. Alimwinulia binti macho. Binti alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilikukosea?" akauliza.

"Hapana, mwanangu." Mama alingoja kuona kama kuna mwingine wa kuyasema yaliyobaki. Hakuwapo. "Blanketi..." akaanza, akaacha. "Mimi nasema karibu. Kaa hapo, nikushonee."

Hapakuwa na kiti kingine. Binti akavua viatu, akavipanga kizingitini, akakaa sakafuni bega kwa bega na mbwa, wote wakielekea nje. Hawakuzungumza sana. Binti alisema bibi yake anaumwa magoti. Mama alisema Blanketi naye. Binti alisema mwalimu anamwuliza maswali mengi mno siku hizi, na mara nyingine anatamani ile stoo, pale alipokuwa haulizwi kitu. Mama hakumwuliza kitu.

Akachukua sindano badala ya cherehani. Mwanamke yule hakuwahi kutoa kazi mbovu mkononi mwake. Watu walijua kwamba sketi ingechakaa, upindo wake ubaki. Siku hiyo alitia uzi mwepesi, hatua ndefu ndefu, wa kushikiza tu, ule ambao fundi huuweka ili autoe. Sketi ingevaliwa, ingefuliwa pengine mara moja kabla upindo haujaachia. Alipofika mwisho, hakupiga fundo.

"Tayari," akasema.

Binti aliukagua upindo. Aliupitisha kidole chake polepole, akaufikia mwisho usio na fundo, kidole kikasimama pale. Aliikunja sketi kwa uangalifu mkubwa, akaitia mfukoni, akavaa viatu, akamgusa mbwa kichwani.

"Asante, Mama Blanketi."

Akaenda, bila kusema atarudi lini. Mama alivuta kiti chake kutoka kwenye cherehani mpaka mlangoni, akakaa karibu na mbwa, akaitazama njia hata binti alipokwisha kupotea.